Sura ya Nne: Mwandishi Anayejichapishia Usukumani na Ukanda wa Dhahabu

Mwandishi anayejichapishia ni yule anayebeba mwenyewe gharama na hatari ya kitabu chake. Anaandika, anamtafuta mhariri, analipa kiwanda cha uchapaji, kisha anawatafuta wanunuzi. Kwa mtu mwenye muswada aliye Shinyanga au Geita, mara nyingi hii ndiyo njia iliyo karibu kuliko zote. Kampuni nyingi za vitabu ziko Dar es Salaam, na kwa muda mrefu zimeishi kwa vitabu vya shule, maana shule ni mnunuzi wa uhakika. Riwaya ya mtu asiyejulikana kutoka Kahama au Nyarugusu haina haraka ya kusomwa huko. Wasomaji nao wapo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu karibu milioni 3 katika Mkoa wa Geita na zaidi ya milioni 2 katika Mkoa wa Shinyanga, na miji ya Geita na Kahama imepanuka kwa kasi tangu migodi mikubwa ifunguliwe, ule wa Geita mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001.

Tofauti kati ya mwandishi huyu na mwenzake aliye chini ya mchapishaji haiishii kwenye fedha. Anayejichapishia huandika akiwa tayari anamfahamu msomaji wake: anajua anakaa wapi, anapata fedha siku gani, na ataacha kusoma pale atakapochoshwa. Saa zake za kuandika, urefu wa sura zake, lugha anayoichagua na hata mahali anapokatisha kisa, vyote huamuliwa na ujuzi huo. Mazoea hayo hayakuletwa na mashine za uchapaji. Usukumani yana mizizi katika utunzi ulioitangulia karatasi, na ndiko uchambuzi wake unakopaswa kuanzia.

Utunzi wa uwanjani

Wacheza ngoma wa Kisukuma tangu zamani wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanasema mgawanyiko huo ulianzishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Mashindano hufanyika baada ya mavuno, hasa Juni hadi Agosti, wakati ghala limejaa na jembe limepumzika. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kundi na duara lake la watazamaji, na mshindi ni upande uliovuta umati mkubwa zaidi. Mtazamaji anayechoka upande huu hatoi maoni wala halalamiki. Anahama tu.

Kwa hiyo mtunzi wa Kisukuma alipaswa kujua, akiwa bado shambani miezi kadhaa kabla ya shindano, ni jambo gani litawashika watu wasihame. Alitunga juu ya yaliyotokea mwaka ule: njaa, bei ya pamba, ugomvi wa ng'ombe, kiongozi aliyekosea, jirani aliyejikweza. Aliufundisha wimbo kwa kundi lake kabla ya msimu, akausahihisha kwa kusikia jinsi waitikiaji walivyoupokea, akaacha mistari iliyogoma kukaa mdomoni. Hakukuwa na mtu wa kumpa ruhusa ya kuutoa. Gharama ilikuwa yake, na aibu ya kushindwa ilikuwa yake pia.

Elias Songoyi, katika utafiti wake wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1988, aliwalinganisha watunzi wawili wa magharibi mwa Tanzania, Kalikali na Mwinamila. Mwinamila alisimama na siasa ya chama tawala na kuisambaza kwa wimbo. Kalikali aliimba kero za mkulima bila kuzifunika, na ujasiri huo ulimweka mahali pabaya mbele ya wenye mamlaka. Ulinganisho huo una uzito kwa somo la sura hii, kwa sababu unaonyesha kwamba anayemiliki njia ya kuitoa kazi yake anamiliki pia swali la aseme nini, na hawezi kumtupia mwingine lawama ya jibu lake.

Pamoja na wimbo kuna hadithi na kitendawili. Mtega kitendawili cha Kisukuma husema "Kalagu", akajibiwa "Kize", na kuanzia hapo msikilizaji amefungwa, hawezi kuondoka bila jibu. Watoto wengi wa Shinyanga wamekua na kisa cha Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo, na Masala Kulangwa, kijana aliyelipasua tumbo akawatoa. Wamesikia pia habari za Ng'wanamalundi, mcheza ngoma na mganga aliyewahi kukamatwa na Wajerumani na ambaye sifa za maajabu yake hazijafifia. Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement alianza katika miaka ya 1950 kazi iliyozaa makumbusho ya Wasukuma. Katika parokia ya Ndoleleji, Jimbo la Shinyanga, Padre Don Sybertz alikusanya methali, visa na vitendawili pamoja na wanavijiji, na baadhi vikatoka katika vijitabu vya Kiswahili alivyoandaa na Padre Joseph Healey. Mwandishi wa Usukumani leo anayo hazina hiyo iliyokwisha kuandikwa, lakini wengi huipata kwa masikio kabla ya kuipata kwa macho, na ndiyo sababu nathari yao husomeka vizuri zaidi kwa sauti.

Gharama ya kungoja

Ng'ambo ya maji kutoka Geita, katika kisiwa cha Ukerewe, ndiko yalikotokea maisha ya uandishi yanayoonyesha vizuri kuliko yote kinachompata mtu asiye na njia yake mwenyewe ya kuchapa. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, alisomeshwa na wamisionari, akajua lugha kadhaa zikiwemo Kijerumani na Kilatini, akafanya kazi ya ukarani kisha ya misheni. Yeye na mkewe, Anna, hawakubahatika kubaki na mtoto. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaohangaika kupata mtoto, na ndani yake aliweka kilimo, uvuvi, uganga, ndoa na mazishi ya Wakerewe wa kabla ya ukoloni, kwa utulivu wa mtu aliyeona mila hizo zinaondoka mbele ya macho yake.

Hakuna aliyekubali kuchapa kitabu kikubwa kiasi hicho kwa lugha yenye wasemaji wachache. Kitereza hakukaa bure: akiwa mzee, mwili umechoka na viungo vinamuuma, aliitafsiri mwenyewe kazi yote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Mwaka 2002 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe. Sifa alizopewa baada ya hapo ni za haki kabisa, lakini haziwezi kuirudisha miaka 35 ambayo mwandishi wa kiwango chake aliishi bila umma wa wasomaji wa kumwambia kitabu kimewagusa wapi.

Euphrase Kezilahabi, wa kisiwa hichohicho, alizaliwa mwaka 1944 na kukuta milango mingine. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, na baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vinavyofundishwa. Yeye alikuwa na chuo kikuu nyuma yake. Wengi wa Kanda ya Ziwa hawana.

Waandishi waliofungua kampuni zao

Jibu la kwanza kubwa kwa tatizo la Kitereza lilitolewa na waandishi wa riwaya pendwa kati ya miaka ya 1970 na 1990. Aristablus Elvis Musiba, muumba wa jasusi Willy Gamba, alianzia kwa mchapishaji wa kawaida, kisha riwaya kama Njama zikatoka chini ya Continental Publishers, kampuni yake. Ben Mtobwa, mwenyeji wa Kigoma na baba wa mpelelezi Joram Kiango, alikuwa na Heko Publishers. Hammie Rajab alikuwa na Busara, Kajubi Mukajanga alikuwa na Grand Arts Promotions. Vitabu vyao vilikuwa vyembamba, majalada yake yenye picha za kushtua, na viliuzwa stendi za mabasi na vibanda vya magazeti badala ya maduka ya vitabu. Wahakiki wengi wa vyuoni waliviona vyepesi. Lakini vilimfanya kijana aliyeishia darasa la saba amalize kitabu kizima cha Kiswahili na kuomba kingine, jambo ambalo vitabu vingi vizito havikuliweza.

Hatua iliyofuata ililetwa na mtu wa jirani kabisa na Geita. Eric Shigongo anatoka Buchosa, Sengerema, mwambao wa ziwa unaopakana na ukanda wa dhahabu. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 na magazeti binafsi kuongezeka, alianzisha Global Publishers, kampuni ya magazeti kama Uwazi, Ijumaa, Risasi, Amani na Championi. Humo aliandika riwaya zake kwa mfululizo, kipande kwa kipande, kisha zile zilizopendwa zikafungwa kuwa vitabu, ikiwemo Rais Anampenda Mke Wangu. Mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa Buchosa.

Utaratibu huo wa mfululizo unahitaji kuangaliwa kwa makini, maana ndio uliofinyanga mazoea ya kizazi kilichofuata. Kipande cha gazeti kina nafasi isiyobadilika, kwa hiyo mwandishi hujifunza kuanza katikati ya tukio na kuishia ukingoni mwa lingine. Muda wa kumaliza haujadiliwi, gazeti haliwezi kutoka na nafasi tupu. Mhusika aliyependwa na wasomaji huongezewa maisha, aliyewachosha husafirishwa au hufa mapema. Faida yake ni nidhamu na wepesi wa kusomeka. Hasara yake nayo ni ya kweli: kitabu kilichotokana na mfululizo, kikifungwa bila kuandikwa upya, hurudia habari zilezile kila baada ya kurasa chache, kwa sababu kila kipande kilipaswa kumkumbusha msomaji yaliyotokea wiki iliyopita. Mwandishi makini hukaa na vipande vyake akafuta ukumbusho wote kabla ya kupeleka kazi kiwandani.

Leo kazi ya gazeti la mfululizo imehamia kwenye simu. Hadithi hutumwa sehemu kwa sehemu katika makundi ya WhatsApp, sehemu za mwanzo bure, zilizobaki kwa malipo madogo yanayotumwa kwa simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na bila huduma za aina hiyo ya kutuma fedha kwa simu mchimbaji wa machimbo ya Rwamgasa, Geita, asingekuwa na namna rahisi ya kumlipa mwandishi aliye Shinyanga mjini.

Saa za kuandika na kinachoandikwa

Ni wachache mno wanaoishi kwa kalamu peke yake. Mwandishi wa ukanda huu kwa kawaida ni mwalimu, muuguzi, katekista, mwenye duka la vipuri, karani wa ofisi au mchimbaji. Saa zake ni zile zinazobaki: alfajiri kabla ya mwito wa kazi, au usiku watoto wakishalala. Msimu wa mvua humtaka shambani kuanzia Novemba, na kiangazi humrudishia nafasi. Wengi huandika rasimu kwa kalamu kwenye daftari la kaunta kisha humpelekea mchapaji wa steshenari. Vijana huandika moja kwa moja kwenye simu. Kiasi kidogo cha kila siku ndicho kinachofikisha kazi mwisho. Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, hufikia 60,000 katika wiki 24, na hiyo ni riwaya kamili. Anayengoja likizo ndefu ili aandike yote kwa mkupuo mara nyingi hubaki na sura tatu nzuri na kichwa cha kitabu.

Malighafi haimsumbui. Machimbo madogo ya Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa yana ulimwengu wake kamili. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, kuna wanaoshuka na kamba na tochi kichwani, na mawe yanayopanda hugawanywa kwa viroba kulingana na makubaliano. Viroba hupelekwa mwaloni, mahali pa kusagia na kuoshea mawe. Hapo karasha, mashine ya kusaga mawe, hupiga kelele tangu asubuhi, vumbi jeupe likitua kwenye kope za wanaopakia. Mawe yaliyosagwa humwagiwa maji juu ya mbao zilizoinamishwa na kutandikwa vitambaa vinavyonasa chembe nzito. Vitambaa hukamuliwa kwenye beseni, zebaki huchanganywa kwa mkono mtupu mpaka ishikamane na dhahabu, kisha donge hufungwa kwenye kitambaa, hukamuliwa na kuchomwa motoni hadi zebaki ipae na kubaki punje ya njano. Mvuke ule ni sumu kwa mapafu na ubongo, na wakati mwingine anayeuvuta ni yule aliyekaa jirani na moto ananyonyesha. Mchanga uliobaki, unaoitwa marudio, huuzwa tena kwa wenye mitambo ya kuchenjulia. Tangu mwaka 2019 Geita ina soko rasmi la dhahabu, na hivyo safari ya punje hiyo hadi mezani kwa mnunuzi imebadilika, pamoja na visa vyake vya kudhulumiana njiani.

Mwandishi aliyeishi hapo anajua mambo ambayo mgeni hawezi kuyabuni: nani anakopesha chakula cha wachimbaji kabla mawe hayajatoka, kijiji kinavyohama kwa siku chache baada ya kusikia kuna mlipuko wa dhahabu kwingine, mke anavyopata habari za mume aliyefukiwa. Kuna pia mambo mazito zaidi. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kupikia miaka yote. Kuanzia mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, madini yakiwemo. Riwaya inayoyatumia mauaji hayo kama kitisho cha kumshika msomaji inawaumiza watu walewale mara ya pili. Kumpa marehemu jina, kazi, utani wake na watu waliomlilia ni wajibu wa kwanza wa anayeandika juu ya habari hizi, na kwa kuwa hana mchapishaji wa kumzuia, wajibu huo ni wake peke yake.

Kutoka muswada hadi kitabu

Kasoro kubwa ya vitabu vya kujichapishia, Kanda ya Ziwa na kwingineko nchini, ni kukosa mhariri. Mwandishi hukubali kulipia jalada la rangi akaona uhariri ni anasa. Usukumani kuna sababu ya ziada ya kutofanya hivyo. Kisukuma hakitumii sauti ya "r", na aliyekulia katika lugha hiyo anaweza kuandika "kula" alipokusudia "kura", au "mahali" palipohitaji "mahari", bila jicho lake kugutuka. Programu ya kusahihisha maneno haitamsaidia, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Anahitajika mtu wa pili, na ni bora akawa mtu aliyekulia mbali na lugha hiyo. Baraza la Kiswahili la Taifa nalo hupitia miswada na kutoa ithibati ya lugha, hatua yenye faida kwa anayetaka kitabu chake kikubalike katika taasisi.

Namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo pia hupokea nakala za kila kitabu kinachochapwa nchini kwa ajili ya kumbukumbu ya taifa. Hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa, bila sharti la kusajili, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999. Usajili katika COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, hata hivyo humpa mwandishi ushahidi mkononi siku kazi yake itakapotolewa nakala na mtu mwingine, na steshenari zenye mashine za fotokopi ziko kila stendi.

Kiwandani, kurasa huchapwa kwa mafungu, aghalabu ya 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 130 humfanya mwandishi alipie karatasi ya 144. Kupunguza kurasa mbili kunaweza kuokoa fungu zima. Uchapaji wa ofseti una gharama kubwa ya mwanzo, ya kutengeneza sahani, kisha kila nakala inayoongezeka huwa rahisi. Uchapaji wa kidijitali hauna gharama hiyo ya mwanzo, lakini bei ya nakala haishuki sana. Kwa anayeanza, nakala chache za kidijitali ni salama zaidi. Maboksi ya vitabu visivyouzwa chini ya kitanda yamewakatisha tamaa waandishi wengi kuliko ukosoaji wowote.

Mauzo hufuata njia za watu. Basi la Mwanza au Kahama hubeba kifurushi, kondakta hupigiwa simu, mpokeaji hukingoja stendi. Minada na magulio, sherehe za shule, mikutano ya dini na siku za malipo migodini huuza kuliko rafu ya duka. Mwandishi anayetaka kutambulika nje ya eneo lake anaweza pia kushiriki mashindano: tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell hupokea hata miswada ambayo haijachapwa, na Taasisi ya Elimu Tanzania huendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu.

Toleo la kwanza likiisha, mwandishi ana kitu ambacho Musiba na Mtobwa walikithamini: haki zote za kitabu zimo mikononi mwake, na anaweza kurekebisha makosa, kubadilisha jalada, kukiuza kwa mchapishaji mkubwa au kukigeuza mchezo wa redio bila kuomba ruhusa. Sheria huilinda haki hiyo maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mafaili ya mwisho aliyokabidhiwa na kiwanda, mikataba, risiti na cheti cha usajili vinapaswa kutunzwa pamoja na hati za shamba na nyumba, na warithi waonyeshwe vilipo.